Ya Mwisho Haiuzwi

Kwa nini mtu aliyejipatia riziki yake yote kwa kuuza vitu akatae, kila mara, kuuza kile cha mwisho? Nilirudi nyumbani na swali hilo likizo ile, miezi michache baada ya kumzika baba, na sikuwa na jibu. Majibu ya mambo mengine nilikuwa nayo tele. Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya biashara, na katika mkoba wangu kulikuwa na mpango ambao, kwa imani yangu, ungeliokoa duka letu la vifaa vya kielektroniki. Lakini mpango wenyewe ulikuwa umekwama kwenye mlango wa stoo.

Duka lilikuwa na vyumba viwili vilivyopeana migongo. Cha mbele kilitazama barabara kuu kupitia kioo kirefu ambacho mama alikifuta kila asubuhi kwa gazeti lililoloweshwa. Cha nyuma kilikuwa stoo, chenye mlango wake wa chuma uliofungukia uchochoroni. Katikati palikuwa na uwazi mwembamba wenye pazia la rangi ya udongo, na upande mmoja wa pazia hilo, kwenye kimo cha bega la baba, palikuwa pameng'aa kwa miaka ya kusuguliwa nalo.

Utaratibu wake ulijulikana mtaa mzima. Aina yoyote ya redio, runinga au simu ilipobaki moja tu rafuni, aliishusha, akaipangusa vumbi, akaibeba kifuani kama mtoto aliyelala, akapita nayo pazia. Mteja angeweza kusimama pale na fedha mkononi akimsihi.

"Hii haiuzwi," angesema baba.

"Sasa umeiweka ya nini, mzee? Ituangalie?"

"Ndiyo."

Basi mtaa ukambatiza jina la Haiuzwi, na duka likawa kwa Haiuzwi. Shuleni wenzangu waliniomba kalamu, na kabla sijafungua kinywa walijijibu wenyewe: "Haiuzwi." Nilikua nikilichukia neno hilo.

Sasa Haiuzwi hayupo, na mwenye jengo alikuwa amepandisha kodi kiasi kwamba mama asingeweza kuvibakisha vyumba vyote viwili. Mwisho wa mwezi msimamizi wa jengo angekuja kuchukua ufunguo mmoja. "Mtachagua wenyewe ni upi, mama," alikuwa amemwambia kwa upole, ingawa hakuna aliyeona kwamba palikuwa na la kuchagua. Lililotusumbua ni hili: katika chumba kitakachobaki, duka liendeshwe vipi ili lisife? Likifa, mama, aliyesimama nyuma ya kaunta ile tangu alipokuwa bibi arusi, angekwenda kukaa kwenye chumba cha uani kwa baba mdogo, akisubiri kuhudumiwa. Alikuwa amelitamka hilo mara moja tu, akiwa ameinamia kioo, kisha hakulirudia tena.

Baba mdogo alikuwa na mkakati wake. "Tujaze," alisema. "Simu, chaja, spika, vifuniko vya simu, mpaka mteja akiingia akose pa kukanyaga. Mtu hununua anachokiona."

Wangu ulikuwa kinyume chake. Tusiweke mzigo kabisa. Tuwe na sampuli moja ya kila kifaa; mteja aishike, aijaribu, alipe, kisha tumwagizie yake kwa muuzaji wa jumla. Mtaji usingelala rafuni. Kisingebaki chochote cha kupitwa na wakati na kuishia kwenye jalala la nje ya mji, ambako watu huchoma nyaya ili kupata shaba, na moshi wake huingia katika vifua vya watoto. Nilikuwa nimeliona jalala lile kwa macho yangu tulipopelekwa na chuo, na tangu siku hiyo sikuweza kuufikiria mzigo wa dukani bila kuunusa moshi ule.

"Kwa hiyo utauza hewa," alisema baba mdogo.

"Nitauza ahadi, baba."

"Afadhali hewa. Hewa mtu anaivuta. Nani atalipa leo kitu ambacho hajakitia mkononi? Hata mimi nikinunua ndizi naibonyeza kwanza."

"Na ukishaibonyeza huinunui," alisema mama kutoka kwenye kaunta. "Tunakujua, shemeji."

Katika jambo moja, hata hivyo, mimi na baba mdogo tulikubaliana: stoo lazima iondoke. Mhadhiri wetu alikuwa na jina la mzigo uliokaa bila mnunuzi. Aliuita bidhaa mfu, akatuonya kwamba zisipozikwa mapema hula mtaji wa zile zilizo hai. Niliingia stoo Alhamisi moja alasiri kuhesabu wafu hao, nikiwa na sauti ya mhadhiri masikioni na tochi mkononi.

Chumba hakikuwa na dirisha. Rafu za mbao zilipanda hadi darini pande zote nne, na kwenye rafu hizo, kimoja kimoja, bila pacha, vilikaa vifaa vyote ambavyo baba alipata kuviuza tangu ujana wake. Redio zenye vipini. Runinga zenye migongo mikubwa. Vicheza kanda, vicheza santuri, simu za mezani, simu za kubonyeza, kompyuta mpakato nene kama matofali. Vyote vilitazama katikati ya chumba, na katikati ya chumba palikuwa na kigoda.

Nilikuwa nimeinama kwenye rafu ya chini niliposikia kitu kikigonga ukutani, mlio mdogo na mkavu, kama ulimi unaosikitika.

Kisha vikaamka.

Taa ndogo nyekundu ziliwaka kwanza, moja hapa, mbili kule, mpaka giza likajaa macho. Runinga moja ikatoa mwanga wa kijivu, nyingine ikafuata, na vioo vikajaa chenga zinazochemka. Saa za redio zikaanza kupepesa sufuri, zote kwa pamoja, kama vitu vilivyoulizwa wakati na vikasahau. Redio mbalimbali zikapata sauti: moja ilisoma habari kwa mnong'ono, moja iliimba, na moja, iliyokuwa imeachwa kati ya stesheni mbili, ilitoa pumzi ndefu inayopanda na kushuka, nami naapa ilikuwa pumzi ya mwanamume mzima aliyekaa kimya. Hewa ikanuka vumbi linalopata joto. Ilikuwa ndiyo harufu ya shati la baba.

Nilitoka bila kukumbuka kutoka. Mama alikuwa akikunja kitambaa chake cha kufutia.

"Anawaamsha," alisema, bila kunitazama.

"Nani?"

"Baba yako. Alhamisi huwa anawaamsha. Subiri kidogo, watalala tena."

Baba mdogo alikuwa kizingitini, upande wa barabara. "Mimi si mwoga," alisema, akiyaangalia magari. "Ila sipendi kutazamwa na vitu ambavyo silipii umeme wake."

Mama alichukua shali yake, akaliinua pazia, akaingia. Nilimwona akikaa juu ya kigoda, mikono mapajani, uso wake ukiwa na rangi ya chenga. Hakuwa analia. Alikaa kama mtu aliyefika mapema kwenye miadi.

Kesho yake niliingia tena, mchana kweupe, mlango wa uchochoroni ukiwa wazi, nikafuata nyaya. Zilipita nyuma ya rafu zote, zimebanwa kwa vishikizi nadhifu, zikakutana nyuma ya rafu ya pembeni kwenye saa ya kuwashia umeme: kisanduku cheupe chenye uso wa duara uliojizungusha polepole mno, jino baada ya jino, mzunguko mmoja kwa wiki. Nilisimama pale nikisikiliza mzunguko wake. Nakiri kwamba nilifurahi. Jambo lililonitisha lilikuwa na skrubu.

Nilikwenda kwa mama kama mtu anayempelekea mgonjwa dawa. "Mama, si yeye. Ni saa ya umeme. Baba aliitega."

"Najua. Ngazi nilishika mimi."

"Unajua?"

"Vifaa vikikaa muda mrefu bila umeme huoza ndani kwa ndani. Hivyo ndivyo alivyosema. Lazima viamshwe, vinyooshe miguu, virudi kulala."

"Sasa kwa nini uliniambia ni yeye?"

Mama alinitazama kwa namna alivyonitazama nilipokuwa mdogo nikimwuliza mwezi unalala wapi. "Sikusema yumo humo ndani, mwanangu. Nilisema anawaamsha. Ile saa ilitegwa na mkono wa nani mwingine?"

Lakini nilikuwa nimemwona juu ya kigoda kile, na nilijiambia kwamba nikiuacha mkono huo uendelee kufanya kazi, mama angebaki akiusubiri kila Alhamisi mpaka naye awe kifaa cha mwisho katika rafu ya baba. Kwa hiyo, akiwa amekwenda sokoni, nilirudi nyuma ya rafu nikaichomoa saa ile. Uso wake ulikwenda jino moja zaidi, kisha ukasimama. Jioni ile nikaongea na mnunuzi wa vyuma chakavu, nikamwapisha asichome nyaya, naye akaapa upesi mno. Angekuja na mkokoteni wiki inayofuata, Ijumaa.

Alhamisi ilifika. Alasiri mama alivaa shali yake, akapita pazia, akakaa. Wakati ukafika, ukapita. Hakuna kilichogonga ukutani.

Nilikuwa nimeutarajia ukimya ule kama nafuu. Haukuwa nafuu. Ulikuwa na uzito wa watu wengi waliozuia pumzi. Mama hakusogea, wala hakugeuka kunilaumu. Katika kila kioo cheusi cha runinga nilimwona amekaa, mdogo, na nyuma yake, katika kila kioo, mtu amesimama. Ilinichukua muda kujua kwamba mtu yule ni mimi, na hata nilipojua, niliinua mkono ili kuhakikisha.

Ndipo mlango wa chuma ukagongwa.

"Hodi humu ndani." Ilikuwa sauti ya mzee, upande wa uchochoroni.

Nilifungua. Alisimama mzee mrefu mwenye miwani myeusi, ameshika bega la mwanamke wa makamo aliyekuwa na tepu ya kupimia shingoni. Mwanamke alikumbatia redio ya kaseti iliyofungwa kwa khanga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye yule binti wa chuo. Pole na msiba." Aligeuza uso, akaelekeza sikio ndani ya stoo. "Mbona leo hamjaviwasha? Kila Alhamisi binti yangu hunileta uchochoroni hapa, nasimama, navisikia. Leo nimeona kimya, nikamwambia huyu, basi, wamekwisha. Tugonge kabla hawajafunga."

"Baba haoni," alieleza mwanamke, ambaye ni fundi cherehani wa mtaa wa pili. "Redio yake imekufa kitufe cha kutafutia stesheni. Unazungusha, mshale hauendi. Nimejaribu kuufunga kwa uzi wa cherehani, unateleza tu."

Nilisema nililofundishwa kusema. Nilimweleza kuhusu spika za kisasa ambazo mtu huziambia kwa mdomo anachotaka kusikia, hana haja ya kitufe.

"Niiambie?" aliuliza mzee. "Nitaanzaje kukaa peke yangu sebuleni nikiongea na kopo? Watanipeleka hospitali." Binti yake alicheka, na mama, juu ya kigoda, akacheka pia, nilikuwa sijamsikia akicheka tangu nirudi. "Hii naijua kwa vidole, mjukuu wangu. Robo ya duara ni habari. Kidogo mbele ni muziki wa zamani. Nikirudi nyuma kabisa ni bahari tupu, na hiyo nayo naipenda. Baba yako siku ananiuzia aliniambia, nenda nayo, ya mwisho nimewawekea ndani. Ikikusumbua, njoo."

"Amewawekea nani?" niliuliza.

"Sisi. Tulionunua."

Mama alikuwa amekwisha kuinuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya pili, akaishusha redio iliyofanana na ile ya kwenye khanga, akaipangusa kwa ncha ya shali. Kisha akaita, "Shemeji, njoo na bisibisi."

Baba mdogo alisimama upande wa pili wa pazia kwa muda. Ujanani alikuwa fundi wa duka lile, kabla hajagombana na kaka yake juu ya hizo hizo rafu na kwenda kuuza simu. Aliingia huku ameinamisha kichwa, kana kwamba dari ilikuwa imeshuka. Alikaa sakafuni, akaiweka redio ya mwisho mapajani, akaigeuza.

"Ona," alisema. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimeng'aa kwa kufunguliwa mara nyingi.

Aliifungua. Ndani ilikuwa nusu tupu. Spika moja haikuwepo. Mkanda wa kuzungushia kaseti haukuwepo, wala kichwa cha kusomea. Palipotolewa kitu palikuwa pamesafishwa, na waya umekunjwa na kufungwa vizuri, kama shati la mtu aliyesafiri.

"Kumbe hii imeshawatibu wenzake," alisema baba mdogo. Akasogeza uso karibu. Kwenye kiungo kimoja cha waya palikuwa na tone la lehemu lenye ncha ndogo iliyopinda. Aliligusa kwa kidole, akakaa nacho pale. "Huu ni mkono wake. Siku zote alikuwa akiacha kimkia. Nilimwambia, kaka, ondoa hicho kimkia, ni uchafu. Akasema, kiache, ili siku nikikutana nacho nijue nilishapita."

Pale stoo, na vifaa vyote vikiwa vimezima, nilihisi shingoni kwamba mtu alikuwa amesimama kwenye pazia, bega lake mahali pake pa kawaida. Sikugeuka. Sikutaka kukuta hapana mtu.

Gurudumu dogo lenye meno la kuvutia mshale lilikuwa bado zima. Baba mdogo alilitoa, akaliingiza katika redio ya mzee, akaifunga, akaipa umeme. Mzee alinyoosha mkono, akakipata kitufe bila kupapasa, akakizungusha robo ya duara. Habari zikasomwa. Akakirudisha nyuma kabisa, na chumba kikajaa ule mvumo wa kati ya stesheni, pumzi ile ndefu inayopanda na kushuka.

"Hapo," alisema, na uso wake ukatulia.

Fundi cherehani alimlipa baba mdogo ujira wa ufundi, na wakati wa kuondoka akageuka. "Mama, pasi yangu ya umeme inanikaanga wateja nguo. Niagizieni mpya, ile nzito. Nakulipa sasa hivi."

"Hutaki kuiona kwanza?" aliuliza baba mdogo.

"Ya nini? Ikinisumbua nitaileta hapa. Mnahama, kwani?"

Baba mdogo alinitazama. Sikumtazama, nilikuwa naziangalia rafu.

Usiku ule sikuwa na amani, na asubuhi nilimzuia mnunuzi wa vyuma chakavu pale pale mlangoni. Baada ya hapo, siku baada ya siku, mimi na baba mdogo tulivifungua vifaa, kimoja baada ya kingine. Vingi vilikuwa vimechukuliwa hiki na kile, na kila kilipochukuliwa kitu palikuwa na kimkia. Vile vilivyoamka Alhamisi ni vile ambavyo bado vilikuwa na cha kutoa. Nikalipata jibu nililolikosa. Baba hakuuza kile cha mwisho kwa sababu hakikuwa chake tena. Alipouza cha kwanza, na cha pili, na vingine vyote, alikuwa ameuza na kipande cha kile kitakachobaki; na wenye vipande hivyo walikuwa wakiishi mjini humu, wakizungusha vitufe vyao, wakijua mlango upo. Mpango wangu uliuza ahadi. Haukuwa na rafu ya kuziwekea.

Mwisho wa mwezi msimamizi wa jengo alikuja asubuhi, akasimama kwenye kaunta, akimwamkia mama kwa heshima zote. Baba mdogo alikuwa amekwisha kuutoa ufunguo wa stoo kwenye pete yake. Aliushika kiganjani, lakini hakuunyoosha mkono. Mama alikuwa akikifuta kioo kirefu, polepole, kutoka juu.

Nilichukua pete, nikautoa ufunguo mwingine, ule wa mbele, nikauweka juu ya kaunta.

"Chukua huu," nilimwambia msimamizi. "Tunakirudisha chumba cha barabarani. Tunabaki na stoo, na mlango wetu utakuwa ule wa uchochoroni. Vifaa vipya hatutaviweka. Tutakuwa na sampuli moja moja, mteja akilipa tunamwagizia. Kila tutakachokiuza tutabaki na kimoja, na hicho hakitauzwa. Baba mdogo atakuwa fundi wetu, kama atakubali. Vile ambavyo hakuna tena mwenye pacha wake hapa mjini nitavipeleka mwenyewe mahali pa kuvibomoa bila moto. Saa ya umeme sitairudisha. Alhamisi, mama atawasha kwa mkono wake."